Saa Aliyoambiwa Dereva

Jumatatu ile, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja, Shangazi alikaa kwenye kiti chake na mikono yake haina kazi. Aliiweka mezani, ikaona haya. Akaiweka mapajani, ikazidi kuona haya. Mwisho akachukua kitambaa akaifuta simu ya mezani, ambayo tangu asubuhi haikuwa imelia hata mara moja, akaifuta mpaka kwenye vitundu vya kusemea. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, safari za siku zilikuwa zikijipanga zenyewe: nyumba hii, zahanati ile, gari hili, dereva yule, mitungi miwili, mtungi mmoja. Kila baada ya muda mstari uligeuka kutoka manjano kuwa kijani, maana yake mzigo umefika. Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyemwita. Kazi ilikuwa inakwenda, tena inakwenda vizuri, na hilo ndilo lililomkera.

Kampuni yenyewe haikuwa kubwa. Ilijaza mitungi ya oksijeni na kuipeleka kwenye zahanati ndogondogo na majumbani kwa wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yamechoka. Ilikuwa na madereva watano, ghala moja, ofisi ya vyumba vitatu, na Shangazi. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa mpangaji wa safari, lakini cheo hicho hakuna aliyekitumia. Meneja mwenyewe, binti wa marehemu mwanzilishi wa kampuni, alimwita Shangazi tangu alipokuwa mtoto wa shule akifanyia hesabu zake chini ya meza hiyohiyo. Sasa meneja akikuita shangazi, nani mwingine atathubutu kukuita vingine?

Meneja huyo ndiye aliyemleta Mgeni. Aliwakusanya wote ghalani akawaeleza kwamba hii si kompyuta ya kungoja kubonyezwa. Ni akili bandia inayojituma: inapokea maombi ya wateja, inapanga safari, inawatumia madereva ujumbe, inajibu simu, ikikwama inauliza, isipokwama haimsumbui mtu. Kampuni nyingine zimeshaanza zamani, alisema, sisi ndio tumebaki mkiani. Madereva wakaibatiza Mgeni siku hiyohiyo. Umeme, dereva aliyekuwa na haraka ya mtu anayefukuzwa, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Lo! Hakujua kwamba huyu amekuja na jembe lake mwenyewe, na limeshanolewa.

Asubuhi ya kwanza Mgeni alizungumza kupitia kispika kidogo kilichowekwa pembeni ya simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, si ya kike wala ya kiume sana.

"Ninaona kila mtu hapa anakuita Shangazi. Nami naweza kukuita hivyo?"

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu yupi?"

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mgeni akasema, "Bado sijajua. Ukiniambia una kaka wangapi, nitachagua mmoja mwenye roho nzuri." Hata Shangazi alicheka, halafu akaudhika kwamba amecheka.

Ili ajifunze kazi, Mgeni alipewa fomu za safari za miaka kumi na mitano, zote zilizoandikwa kwa mkono wa Shangazi. Alizisoma kwa dakika sita. Akaziamini zote, na hapo ndipo palipokuwa na mashaka.

Maana palikuwa na Kobe. Kobe alikuwa mkongwe wa madereva wote, amebakiza miezi kumi na moja astaafu, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimtuma nyumba tano, atarudi wenzake wameshakula, wameshapumzika, wameshaanza kumsahau. Miaka kumi na mitano nyuma Shangazi alimpatia dawa yake: mzigo ukihitajika saa nne, Kobe anaambiwa saa tatu. Ikifika saa nne, au kasoro dakika zake mbili tatu, huyo anabisha hodi. Mteja anafurahi, Kobe anafurahi, kila mtu anakula na kushiba. Tatizo ni kwamba fomu ya safari ina mstari unaouliza: *Saa aliyoambiwa dereva.* Shangazi asingeweza kuandika saa tatu kwa mzigo wa saa nne bila mtu kuuliza kulikoni. Basi akaandika saa nne, kila siku, kwa miaka kumi na mitano. Ulikuwa uongo mdogo, wa maneno mawili, na kwa alivyojua yeye haujawahi kumdhuru mtu.

Kwa hiyo Mgeni alipotoa orodha ya madereva kwa uhodari, aliyeongoza, asiyejua kuchelewa, mfano wa kuigwa, alikuwa Kobe. Shangazi aliiona orodha hiyo akaenda chooni akacheka peke yake mpaka akajishika ukuta. Kisha akanawa uso, akarudi, akakaa kimya. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alinyamaza kwa makusudi. *Acha ajikwae,* alijisemea. *Akijikwaa mara mbili tatu watanirudishia simu yangu.* Na palikuwa na sababu nyingine, nzito zaidi. Pamoja na Mgeni, meneja alikuwa ameleta sheria mpya: dereva atakayechelewa mara tatu kwa mwezi atashushwa kwenye usukani. Meneja hakuwa na roho mbaya, alikuwa na wagonjwa wa kufikiria. Lakini Kobe bila ile saa moja ya siri angechelewa mara tatu kabla ya chai ya saa nne ya siku ya kwanza, na baada ya miaka yote hiyo angetolewa mlangoni na miezi yake kumi na moja mkononi.

Basi Jumatatu ile, siku ya kwanza ya Mgeni kupanga safari, saa moja na nusu asubuhi, ulikuja ujumbe kutoka nyumbani kwa Refa.

Refa alikuwa mwamuzi mstaafu wa mpira wa miguu. Zamani alikimbia dakika tisini bila kuhema. Sasa kutoka kitandani hadi dirishani ilikuwa safari ya kuagwa. Binti yake aliandika kwamba mtungi wa akiba umevuja usiku kwenye valvu, ile koki ya juu, ni mtupu, na ule unaotumika utaishia kama saa nne na nusu. Kabla Shangazi hajamaliza kusoma, Mgeni alikuwa ameshapanga: Kobe yuko upande huohuo, ana mitungi ya ziada garini, afike kwa Refa kabla ya saa nne. Ujumbe ukaenda, ukiwa na maneno *muhimu sana*. Kobe alikuwa ameambiwa *muhimu sana* kila asubuhi na yeye mwenyewe Shangazi, hata kwa mitungi ya wiki ijayo.

Saa tatu na nusu alama ya gari la Kobe ilikuwa bado imesimama kwenye nyumba ya kwanza, kwa dada wawili vikongwe wanaoishi pamoja. Saa tatu na dakika arobaini ilikuwa palepale. Shangazi akampigia, tena na tena. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Kobe huiacha simu garini, kwa sababu anasema mtu habebi mtungi na maongezi kwa pamoja. Akapiga nyumbani kwa wale dada, ingawa alijua kazi bure: simu yao ikilia, kila mmoja hudhani ni ya jirani.

"Mgeni," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kuulizwa, "mbona Kobe hajaondoka?"

"Anahitaji dakika kumi na tano tu kufika kwa Refa," Mgeni alijibu. "Katika safari zake zaidi ya elfu tatu hajachelewa hata moja. Sina sababu ya kuwa na wasiwasi, Shangazi. Wewe unayo?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na liliulizwa kwa adabu.

"Mtume Umeme," Shangazi alisema. "Yuko hapo uani. Mtume sasa hivi."

"Naweza. Nikibadilisha dereva wa mzigo wa dharura naandika sababu. Niandike nini?"

Uongo ukamjia wenyewe, umeshavaa nguo za kutokea: *Andika gari la Kobe lina pancha.* Refa angepona. Kobe angepona. Yeye angepona. Alifungua kinywa kuusema, na hapo akaona kesho yake. Kesho huyu kiumbe asiyejua kushuku angemtuma tena Kobe kwa mtu anayeishiwa pumzi, na keshokutwa, kwa sababu alimwamini Shangazi, kila neno, kila tarehe. Hakuwahi kuaminiwa hivyo na mtu, hata na marehemu mume wake, aliyekuwa akihesabu samaki kwenye sufuria. Alimwonea huruma Mgeni. Alijionea aibu. Na alimpenda Kobe, basi, tuliseme. Si kwa yale mambo mengine, ila kwa namna unavyompenda mtu uliyemlinda kwa miaka bila yeye kujua.

"Andika kwamba rekodi za Kobe ni za uongo," alisema. "Mimi ndiye niliyeziandika."

"Nimemtuma Umeme," Mgeni alisema papo hapo. Nje injini ilinguruma, geti likafunguka. "Sasa nieleze."

Alipogeuka alimwona meneja mlangoni, kikombe mkononi. Mficha uchi hazai, lakini kuufunua mbele ya mtoto uliyemfundisha hesabu za kugawanya ni jambo jingine. Shangazi akamweleza yote akiwa amesimama: saa tatu na saa nne, miaka kumi na mitano, fomu kwa fomu. Meneja alisikiliza bila kuonja kikombe chake.

"Baba alijua?" aliuliza mwishoni.

"Baba yako alijua mizigo inafika."

"Na ulimwona Mgeni anampa Kobe namba moja, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Nilitaka ashindwe, mwanangu. Na nilitaka Kobe amalize miezi yake."

Meneja akaweka kikombe juu ya meza, akavuta kiti, akakaa. Wote wawili wakawa wanatazama kioo, ile alama ya Umeme ikipita mtaa mmoja, ikisimama kwenye taa, ikipita mwingine. Saa nne ikapita. Saa nne na dakika tano, na kumi. Shangazi alikuwa ameushika mkono wa meneja bila kujijua, na meneja hakuutoa. Saa nne na dakika kumi na nane mstari wa Refa ukageuka kijani, na Shangazi akalia waziwazi, kamasi na yote, mpaka meneja akamsogezea kile kitambaa cha kufutia simu.

Haikupita robo saa, simu ya mezani ikalia. Ilikuwa sauti ya Refa, maneno mawili kwa pumzi moja.

"Shangazi. Leo mmeniletea... nani huyu?"

"Ni Umeme, mzee wangu. Mtungi haufanyi kazi?"

"Mtungi unafanya. Yeye ndiye... kaufunga, kaondoka. Hata hali... hajaniuliza." Akapumzika. "Kobe yuko wapi? Kuna penalti... hatujaimaliza."

"Penalti gani tena?"

"Ya miaka thelathini... iliyopita. Anasema... haikuwa penalti. Kila akija... anasema. Mwambie... ilikuwa penalti." Simu ikakatwa.

Meneja, aliyekuwa ameinama karibu na simu, alisikia yote.

Kobe alirudi saa saba, wenzake wameshakula. Ukweli ni kwamba alipotoka kwa wale dada na kukuta simu yake imepigwa mara tisa, aliliendesha gari kama Umeme, akafika kwa Refa saa tano kasoro dakika ishirini, akamkuta anapumua vizuri na amenuna. Aliingia ofisini na kofia mkononi, shati limelowa jasho.

"Mzee wangu, karibu ukae," meneja alimwambia.

"Nitasimama, bosi. Mwenye kosa hakai." Akamgeukia Shangazi. "Dada yangu, leo saa zangu zilikwenda vipi? Niliambiwa saa nne. Nikajua ni saa tano."

"Ulijua ni saa tano?" Shangazi aliuliza polepole.

"Si huwa unanipa saa moja mbele? Ukisema tatu ni nne, ukisema nne ni tano." Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku za wiki. "Mwaka wa kwanza ule, nilifika mahali saa tatu kama ulivyoniambia, mteja akashangaa, akasema anatarajia saa nne. Nikasema kumbe! Shangazi kanipa saa nzima. Nikaona ni zawadi. Nikawa naitumia."

"Unaitumia kufanya nini?" meneja aliuliza.

Kobe akaona haya. Akaizungusha kofia.

"Mambo madogo tu, bosi. Wale dada wawili, godoro lao zito, kila Jumatatu nawageuzia. Mwalimu wa ng'ambo ya daraja hawezi kukata kucha za miguu, akiinama pumzi inakata. Refa, yule ni mbishi, lazima abishiwe, asipobishiwa siku nzima hasemi na mtu. Binti yake aliniambia." Akafikiri. "Na kuwaeleza valvu. Ukiwaeleza mara moja wanasema wameelewa, hawajaelewa. Unangoja, unakunywa maji, unawaeleza tena."

Shangazi alikaa chini. Miaka kumi na mitano alikuwa akimpa saa moja kwa sababu anachelewa, na yeye akichelewa kwa sababu amepewa saa moja. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira kila mahali, hakuipata. Badala yake kikamtoka kicheko, kikawa kikubwa, na Kobe, bila kuelewa sana, naye akaanza kucheka, mabega yake yakitikisika chini ya lile shati.

"Refa nusura aishiwe pumzi leo," meneja alisema. Hakucheka.

Kicheko kikakatika. "Najua, bosi," Kobe alisema. "Nimeendesha njia nzima nikimwomba Mungu. Ukiniambia nikabidhi funguo, nakabidhi." Na alikuwa ameshazitoa, ameziweka mezani karibu na kikombe kilichopoa.

Shangazi alizitazama zile funguo, akahisi anaweza kuzifunika kwa mwili wake.

Meneja alisugua macho. "Mgeni," akasema, "uliyasikia haya?"

"Niliyasikia. Nimetazama tena rekodi za simu za wateja wanaouliza namna ya kufungua valvu. Kutoka kwenye nyumba za Kobe, kwa mwaka mzima, ni mbili. Za madereva wengine ni mia moja na kumi. Nilidhani ni bahati."

"Si bahati," alisema Shangazi.

"Sasa najua. Shangazi, kuna mengine ambayo hayamo kwenye fomu?"

"Mwanangu," alisema, na hakuna aliyemkumbusha kwamba hakuna kaka aliyemzaa huyu, "tenga siku nzima. Yule muuguzi wa zahanati ya juu akisema ameishiwa kabisa, ana mitungi miwili chini ya kitanda. Umeme ukimwambia njia fupi atapita ndefu. Nitakwambia yote. Lakini utaniandikia vizuri."

Meneja akazisukuma funguo taratibu kurudi upande wa Kobe. "Hiyo saa ipo," alisema. "Imekuwapo tangu mimi nasoma. Nikiifuta leo, Jumatatu nani atageuza godoro? Ila simu, mzee wangu, inakaa mfukoni. Na dharura ikiitwa dharura, ni dharura. Na kwenye fomu," akamtazama Shangazi, "kuanzia leo inaandikwa kilichosemwa."

"Inaandikwa," Shangazi alisema.

Kobe akachukua funguo kwa mikono miwili.

"Shangazi," Mgeni aliuliza, "mzigo wa kwanza wa Kobe kesho unahitajika saa nne. Nimwambie saa ngapi?"

Shangazi alimtazama Kobe. Kobe alikuwa anatazama dari.

"Mwambie saa tatu."

"Lakini yuko hapa. Amesikia."

"Amesikia."

"Na anajua ni saa nne."

"Anajua."

Kisha simu ikalia kidogo mfukoni mwa Kobe. Akaitoa, akavaa miwani, akausoma ujumbe neno kwa neno, huku midomo ikitembea.

"Saa tatu," alisema, akitikisa kichwa. "Jamani! Itabidi niwahi kulala."

Akavaa kofia yake akatoka.